Filimbi Pale Kisimani

Machi 8, 1988. Jumanne.

Nelius, mke wangu, amekufa leo asubuhi. Ni kichomi. Hospitali walisema tumechelewa kumleta. Sisi hatukuchelewa. Gari ndiyo ilichelewa.

Mwalimu wa ngumbaro, masomo ya watu wazima, alituambia tuandike kila siku ndiyo mkono usisahau. Sikuwahi kuandika. Leo nimeandika.

Machi 12. Jumamosi.

Tumemzika kwetu Ishiara, kwa shamba ya ndugu yangu. Jua kali. Udongo mgumu, tulichimba na mtaimbo. Kutoka Kibirichia hakuja mtu hata mmoja.

Machi 15.

Nimerudi kazini Kibirichia. Nyapara, Naftaly, ameniuliza kwa nini nimekaa sana. Nikamwambia Ishiara ni mbali. Akasema, "Mvua haingoji, Gitari. Shika jembe." Hakusema pole. Huyo mtu ni jiwe.

Tumepanda waru, viazi vya hapa, mpaka jioni. Robo ekari yangu, ile tajiri alinipa, nimeikuta imeshapandwa.

Machi 17.

Mvua. Kupanda.

Machi 20. Jumapili.

Sikuenda kanisa. Nilienda kuteka maji. Tangu tuje hapa kwa tajiri Mwirigi maji ilikuwa kazi ya Nelius. Mimi nilijua tu kisima kiko kule chini, msitu unapoanzia. Sikuwahi kukaa pale.

Leo nimekaa. Maji inatoka kwa mwamba, inajaa kibwawa kidogo, halafu inateremka kwa majani bila kelele. Mitarakwa imezunguka pande zote, upepo haushuki. Ukiwa shambani juu baridi inakata masikio, lakini pale hewa imetulia kama nyumba yenye moto uliozimika sasa hivi. Tone linaanguka. Kimya. Halafu matone mawili yanafuatana haraka. Halafu kimya tena. Kuna ndege mmoja, jina sijui. Anaanza chini, anapanda, ananyamaza kabla ya kufika juu.

Nilisahau mtungi mpaka ukajaa ukamwagika.

Kaburi iko Ishiara. Lakini hapa ndipo alikanyaga kila siku. Kuna jiwe bapa la kuwekea mtungi na limesuguliwa na mitungi na miguu.

Machi 27. Jumapili.

Nimekata mwanzi msituni. Nikiwa mtoto nikichunga mbuzi za baba kule Ishiara nilipiga filimbi, na nilijua kupiga. Nikaacha nilipobatizwa. Mtu mzima na filimbi ni kichekesho. Nelius hakuwahi kunisikia.

Nimetoboa tundu na msumari moto. La tatu nimelichoma likawa kubwa. Sauti inatoka kama mbuzi mgonjwa. Nimeitupa kwa moto.

Aprili 3. Pasaka.

Filimbi ya pili inalia vizuri. Watu wote walikuwa kanisani. Nilikaa kwa jiwe nikapiga nyimbo za mbuzi, zile za zamani. Hazikufaa. Ni nyimbo za jua na vumbi. Pale kisimani zilikuwa kama mtu anayepiga kelele kwa wagonjwa.

Nikanyamaza, nikasikiza maji. Tone, kimya, matone mawili. Nikajaribu hiyo. Pumzi moja ndefu, nangoja, mbili fupi. Ikafaa.

Aprili 6.

Mvua kubwa. Hatukufanya kazi. Vidole viligonga meza siku nzima.

Aprili 10. Jumapili.

Nimepata mwanzo wa wimbo. Ni wimbo wa filimbi peke yake, hauna maneno. Unaanza na maji. Nikajaribu kumfuata yule ndege, nipande kama yeye, lakini mimi nifike juu. Hapana. Ukifika juu unaharibu. Lazima uachie pale anapoachia.

Naandika hapa jambo moja. Tangu nirudi hakuna mtu ametaja Nelius. Wakimsema, wanasema mke wa yule Mmbeere, yaani mimi, kwa sababu wao ni Wameru. Ndivyo walivyomwita hata akiwa hai. Hatukupata mtoto. Kwetu jina linarudi kwa wajukuu. Lake halina mtu wa kurudi kwake. Mimi nikifa limekwisha.

Aprili 13.

Waru zimeota. Sasa naenda kisimani kila jioni tukiachiliwa. Ukungu unashuka mapema, hakuna anayeniona. Nataka hivyo.

Aprili 19.

Kupalilia. Mgongo.

Aprili 24. Jumapili.

Kiende, bibi ya Naftaly, amenisimamisha njiani.

"Gitari, nisikize bila hasira."

"Sema."

"Nelius hajalala."

"Amelala Ishiara. Nilimfukia na mkono wangu."

"Jana nimemsikia kisimani. Analia. Hakuna maneno, ni sauti inapanda, inashuka, inanyamaza. Nimekimbia nikaacha mtungi huko."

Nilifungua mdomo nimwambie ni mimi. Halafu nikasikia tena alivyosema. Nelius. Hakusema mke wa Mmbeere.

Nikafunga mdomo.

Jioni nilimrudishia mtungi wake. Akaniuliza kama nilimwona. Nikasema sikuona mtu. Hiyo ni kweli.

Aprili 28.

Tulikuwa tunainulia waru udongo. Wanawake kwa mstari mmoja, sisi kwa mstari mwingine. Habari ya kisima imeenea.

"Hata mimi nimemsikia," mmoja akasema. "Analia kama mtu amesahau kitu."

"Alikuwa anapenda nini huyo Nelius? Tumpelekee."

"Watu wa kwao wanapenda ugali ya mtama."

"Mtama utatoa wapi hapa? Mpelekee waru."

"Alizikataa akiwa hai, atakula akiwa amekufa?"

Wakacheka. Peninah, mama wa maombi, akainua jembe. "Msicheze na nkoma, roho za wafu. Aliyekufa akirudi kwa maji anatafuta kitu."

"Anatafuta bwana yake. Gitari, enda uitike."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka kidogo. Siku nzima walisema Nelius, Nelius. Alikuwa na kitambaa cha kijani. Alikuwa mrefu. Alikuwa hanunui kitu bila kubishana. Nilienda nyumbani nikala nikashiba. Sijashiba tangu Machi.

Mei 1. Jumapili.

Leo nilisikia sauti za wanawake juu ya njia na sikunyamaza. Nilipiga kwa nguvu nikijua wanasikia. Mitungi ikagongana, wakarudi mbio.

Mei 9.

Hakuna mwanamke anayeshuka kisimani sasa. Wanaenda mtoni, ng'ambo ya kilima. Nimekuwa na kisima peke yangu. Wimbo una sehemu mbili, ya maji na ya ndege. Ya tatu ni ile hewa iliyotulia, na hiyo haishikiki. Ni kushikilia sauti moja ya chini mpaka pumzi iishe bila kutetemeka. Natetemeka.

Mei 15. Jumapili.

Mvua. Nimepiga chini ya mtarakwa, maji ikiingia shingoni. Sehemu ya tatu imekubali.

Mei 18.

Mvua.

Mei 19.

Mvua. Njia ya mtoni imekuwa sabuni. Nimewaona wanawake wakipanda na mitungi mgongoni, kamba kwa kipaji cha uso, wakishika nyasi na mikono. Peninah si kijana. Alisimama katikati ya kilima kwa muda mrefu.

Nilijiambia nitanyamaza wiki moja, wazoee tena, warudi. Jioni nikaenda nikapiga.

Mei 26.

Wimbo hauna mwisho. Nikijaribu kuumaliza unaisha kama wa kanisa, amina, watu wakae chini. Nikiukata unakuwa kama mtu ameanguka shimoni. Nelius angesema, kama huwezi kumaliza kitu usianze. Aliniambia hivyo juu ya ua la kuku nililoacha nusu.

Juni 2.

Naftaly amenipa tena mstari wa mawe, ule kila mtu anaukwepa. Nimeshika jembe.

Juni 7. Jumanne.

Mikono imechubuka lakini nitaandika.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Asubuhi tulikuwa tunapiga waru dawa. Tukasikia wanawake wanapiga kelele kwa upande wa mto. Naftaly alitupa pampu akakimbia, na mimi nikamfuata. Kiende alikuwa chini kabisa, kwa mawe. Alikuwa ameteleza na mtungi uliojaa, kamba ikamvuta nyuma. Mguu wa kulia ulikuwa umekunjwa pale ambapo mguu haukunjwi. Halii. Amekuwa mweupe midomoni.

Naftaly akapiga magoti kwa maji. "Kiende. Niangalie mimi. Usiangalie mguu."

"Mtungi wangu umepasuka?"

"Achana na mtungi."

"Ni mpya."

Tulivua makoti tukafunga kwa miti miwili, tukambeba. Naftaly mbele, mimi nyuma. Kilima kile bila mzigo kinakutoa pumzi. Tulianguka na magoti na hatukumwachilia. Katikati Naftaly akaongea bila kugeuka.

"Kisima kiko hapa nyuma ya nyumba yangu. Na bibi yangu anavunjika mguu kwa sababu ya bibi yako."

Nilikaza mikono kwa miti.

"Sikulaumu wewe," akasema. "Nasema tu vile iko."

Niliona shingo yake na upande wa shavu. Alikuwa analia bila sauti, huyo niliyesema ni jiwe, na hakuweza kupangusa kwa sababu mikono imeshika miti. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema. Ni mimi, Naftaly. Nilibeba hayo maneno mpaka barabarani, pickup ya tajiri ikaja, tukamlaza Kiende kwa magunia, wakaenda. Nilirudi kuchukua pampu.

Sikuenda kisimani.

Juni 9.

Kiende amerudi na plasta mpaka juu ya goti. Amesema hatavuna msimu huu. Nilimpelekea maji kutoka kisimani. Amefurahi, akaniuliza kama siogopi.

"Simwogopi."

"Ni bibi yako, kweli hawezi kukudhuru. Mwambie mimi simlaumu." Akaninyooshea kikombe cha uji na mkono wake. "Tena usimkasirikie Naftaly kwa maneno ya mlimani. Ile robo ekari yako ya waru, unafikiri nani alipanda ukiwa matanga?"

Nikasema nilifikiri ni tajiri alituma watu.

"Tajiri gani? Ni yeye. Jioni, baada ya kazi, na mbegu zake. Nilimwambia aje akuambie pole. Akasema hajui kusema pole, anajua kupanda."

Nilishusha kikombe. Miezi mitatu napita kwa hizo waru kila asubuhi.

Juni 10. Ijumaa.

Nimeenda kwa Naftaly kumwambia. Nimekuta Peninah ameketi hapo na Biblia. Wamepanga. Kesho wanawake wa maombi wanashuka kisimani kukemea. Watamfukuza Nelius, kisima kiwe safi.

"Mtamfukuza aende wapi?" nikauliza.

"Anakopaswa kwenda," Peninah akasema. "Gitari, usiwe na uchungu. Ni pepo imechukua sauti yake."

"Itatajwa jina lake?"

"Lazima. Unakemea kwa jina."

Jina lake. Mimi nililitaka kwa midomo yao, sasa litakuwa la kufukuzwa kama mbwa. Wakitoka hapo kesho hakuna atakayesema Nelius tena, wataogopa. Nikisema ni mimi, wataacha pia, hakutakuwa na cha kusema. Ni mke wa Mmbeere basi.

Niliondoka bila kuwaambia. Nimekaa na filimbi kwa meza. Afadhali wasahau kuliko wamfukuze.

Juni 11. Jumamosi.

Nitaandika yote.

Nilishuka kabla yao nikakaa kwa jiwe. Ukungu ulikuwa umeinuka, nilitaka wanione. Walikuja wakiimba, Peninah mbele, wanawake wengi, Naftaly nyuma na kofia mkononi. Hata tajiri Mwirigi alikuja, kwa sababu vibarua walikuwa wamekataa kugusa mistari iliyo karibu na kisima.

Wakaniona. Wimbo ukafa.

"Toka hapo, Gitari," Peninah akasema. "Tunataka kuanza."

Nikaweka filimbi mdomoni nikapiga maji. Pumzi ndefu, mbili fupi. Mwanamke mmoja akashika kichwa. Nikapiga ndege. Nikafika pale ndege anaponyamaza, nikatoa filimbi.

Peninah alisogea hatua moja.

"Ni wewe?" Peninah akauliza.

"Ni mimi."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote."

"Tulipokimbia?"

"Nilijua mnakimbia."

Hapo kelele ikaanza. Mmoja alinirushia mtungi mtupu, ukanigonga begani. Kila mmoja na lake: umetutembeza mtoni msimu mzima. Mgongo wangu. Mtoto wangu alikohoa kwa ile mvua. Tajiri akasema ningekuwa nimelewa angeelewa. Nikaangalia Naftaly. Yeye hakupiga kelele. Alikuwa anaangalia filimbi.

"Kwa nini?" akauliza. Wakanyamaza wasikie.

Nikasema vile iko. "Nilitengeneza huu wimbo kwa sababu yeye alikuja hapa kila siku na mimi sikuwahi kuja naye. Nilikuwa naona haya, nikajificha. Halafu nikasikia mnasema Nelius. Kabla ya hapo hamkuwa mnasema. Nikaendelea ndiyo muendelee. Kiende amevunjika na ni mimi. Msimkemee yeye. Hayuko hapa. Yuko Ishiara, na hakufanya kitu."

Nilifikiri sasa wataondoka. Tajiri aligeuka, akasema nisikanyage shamba mpaka aamue. Wengine wakamfuata. Naftaly akavaa kofia akaenda pia.

Peninah alibaki, na wengine wachache. Alikuja karibu akaangalia jiwe nililokalia.

"Huyo bibi yako," akasema, "alinigombeza hapa hapa. Nilikuwa nafua sweta ndani ya maji ya kunywa. Akaniambia, mama, hata ng'ombe anakunywa kwanza ndiyo anachafua, wewe umeanza na kuchafua."

"Ulifanya nini?" mmoja akauliza.

"Nilimtukana. Kesho yake nikaleta karai."

Wakacheka. Mwingine akasema, "Hilo jiwe aliliviringisha yeye kutoka kule juu. Tulimcheka. Tukamwita trekta."

"Na sasa kila mtu anaweka mtungi hapo."

"Mimi alinifundisha kufunga kamba isikate kipaji."

Sikujua hata moja. Niliishi na yeye na sikujua alikuwa anaitwa trekta. Niliinama nikaangalia maji.

Peninah akanigusa na kiatu. "Huo wimbo. Siku zote ulikuwa unakatika. Nilikuwa nasimama juu pale nikiomba, nangoja uishe niende, hauishi. Unaisha namna gani?"

"Sijui."

"Basi piga tuone."

Nikapiga tena. Maji, ndege, na ile sauti ya chini. Niliishikilia, na karibu na mwisho wa pumzi nikasikia tone likianguka kwa bwawa. Sikuongeza kitu. Nikashusha filimbi polepole, na maji ikaendelea mahali nilipoachia. Tone. Kimya. Mawili. Hakuna aliyejua niliacha saa ngapi. Mmoja alikuwa bado ameinamisha kichwa anasikiza.

"Aah," Peninah akasema. Akajaza mtungi wake akapanda.

Juni 12. Jumapili.

Sina kazi. Nimepeleka maji kwa Kiende mapema. Nilimwambia mwenyewe, ingawa alishaambiwa. Alinitukana kwa Kimeru mpaka akachoka. Halafu akasema weka mtungi ndani, umeusimamisha kwa jua.

Juni 13.

Nimeteka kwa Kiende, kwa Peninah na kwa yule mwenye mtoto wa kukohoa.

Juni 15.

Njia ya kisima ina matope ya miguu mingi. Wamerudi. Nikiwa pale walinipita. Wawili hawakunisalimia. Mmoja alimwambia mwenzake, "Weka kwa jiwe la Nelius, usimwage." Alisema hivyo kama mtu anayesema weka kwa meza.

Juni 16.

Mvua kidogo. Sikupiga. Sikusikia haja.

Juni 19. Jumapili.

Naftaly amekuja baada ya kanisa. Alisimama mlangoni. Nilimwambia aingie, akakataa, viatu vina matope. Nikatoka.

Nikamwambia asante kwa ile robo ekari ya waru. Akaangalia upande.

"Umechelewa kupalilia," akasema. "Zimeingiwa na magugu."

"Kiende anaendeleaje?"

"Daktari anasema mfupa umeanza kushika. Mimi nilitaka kukupiga, Gitari. Nilikuja huku Jumatatu na fimbo. Ukawa hauko, umeenda kumtekea maji. Nikarudi nayo."

"Bado unaweza kunipiga."

"Fimbo nimeisimikia maharagwe yapande."

Nikamletea kigoda, akakaa nje hapo. Aliuliza Nelius alikuwa mgonjwa siku ngapi kabla ya kwenda hospitali. Nikamweleza yote, pumzi yake, gari, vile alitaka dirisha lifunguliwe. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Alisikiza mpaka mwisho, alikuwa anabandua matope kwa kiatu na kijiti.

Akiinuka akasema tajiri anataka watu wa kuvuna, gunia zimefika, na mstari wa mawe bado ni wangu. Filimbi ibaki nyumbani saa ya kazi.

Kesho narudi kazini.